Kifungu cha Saba

Westerkoog, 14 Februari 2010

Dada Hermine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Bert anaendelea vizuri na ule mkono tangu apatwe na kiharusi. Sisi hatujambo. Anneke anakusalimu huku mguu wake umefungwa bandeji. Alianguka kwenye barafu ya mfereji nyuma ya kanisa, kwa umri ule bado anataka kuteleza na watoto wa shule. Jeroen wetu amepata kazi Utrecht, kazi ya kompyuta, usiniulize zaidi maana hata yeye mwenyewe hawezi kuieleza. Theluji mwaka huu imekataa kuondoka.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Tangu mazishi ya Baba tulikubaliana kwamba kwenye simu sisi wawili tunabweka tu. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Ndani ya bahasha utaona ilani ya chama chetu, Chama cha Kizingiti, kwa uchaguzi wa manispaa mwezi ujao. Mimi ni wa pili kwenye orodha ya wagombea. Ni vifungu kumi na viwili, vifupi, vya kueleweka na mtu aliyetoka kazini amechoka. Nyumba za manispaa wapewe kwanza waliozaliwa hapa. Hakuna hijabu nyuma ya kaunta za serikali. Msikiti wa Barabara ya Kiwandani ubaki bila mnara. Cha saba nimekiandika mwenyewe, toka neno la kwanza hadi la mwisho: “Tunataka mikono zaidi kando ya kitanda cha mzee, na mikono hiyo iseme Kiholanzi. Mhudumu wa nyumba ya wazee inayolipwa na manispaa hatazungumza na mkazi kwa lugha nyingine yoyote.” Tukifika hapo kwenye mikutano watu wanasimama. Kuna mama mmoja alilia. Fikiria mzee aliyeijenga nchi hii, leo amelala kitandani na wahudumu wanabwabwaja juu ya kichwa chake kwa lugha za watu.

Mama yetu yuko salama. Anakula, anaoga, amepewa chumba kinachotazama maegesho ya baiskeli. Ile picha uliyomtumia Krismasi, ya Semarang, ya bibi yetu na wapishi wake barazani, nimeiondoa ukutani kwa sababu ilikuwa inamchanganya. Nimemwekea picha ya kinu cha upepo.

Nina ombi moja. Mwandishi wa habari akikupigia huko Kanada kukuuliza habari za ukoo wetu, mwambie Baba alikuwa mtu wa Zeeland, mwana wa mkulima wa vitunguu. Ni kweli tupu.

Mdogo wako,
Govert

Chilliwack, 1 Machi 2010

Mdogo wangu Govert,

Mpe pole Anneke, mwambie apake mafuta na aachane na barafu. Huku ni mvua asubuhi na mvua jioni. Bert sasa anaweza kushika kijiko. Jana alikirusha hadi dirishani, daktari akasema hayo ni maendeleo. Mimi simwachi hata nusu siku, ndiyo maana sijapanda ndege kuja kumwona Mama, kabla hujaniuliza.

Ilani yako nimeisoma chooni, mahali pekee ambapo Bert haniiti. Nimeishi miaka sitini na sita, Govert, na sijawahi kuona mkono unaosema Kiholanzi. Mkono wa Baba ulikuwa unasema, kweli, lakini ulikuwa na neno moja tu na lilikuwa likitua shavuni. Hukuwa na mtu wa kukusomea hayo kabla hayajachapishwa?

Sasa tuache utani. Umeniandikia kurasa mbili na hukuniambia Mama anazungumza lugha gani. Nilimpigia Jumamosi. Kiholanzi chake kimekwisha, Govert. Kimekauka chote, salamu, hesabu, hata nyimbo za kanisani. Alinijibu kwa Kimalei, kile cha jikoni kwa bibi Semarang, kwenye koloni la Mashariki, kile cha utoto wake, na kilikuwa kinatiririka kama hajawahi kukiacha. Nilikaa sakafuni na simu sikioni nikilia kwa furaha, maana sikuwa nimeisikia sauti ile ya mama yangu tangu meli iliyotuleta Uholanzi.

Baadaye simu ilichukuliwa na mhudumu, Dorkas Tahitu. Wazee wake ni Wamoluka, watu wa visiwa vya koloni hilohilo, yeye amezaliwa hukohuko kwenu, kwenye kambi mliyowaweka askari wenu wa koloni, baba yake aliivalia sare bendera yenu hadi mkamsahau kwenye matope. Kimalei amekipata kwa mama yake. Akaniambia, “Tante, ndivyo ninavyomwita mama yako, ameanza hivi tangu Novemba. Ananiomba chumvi, ananiomba nifungue dirisha, na akiamka vibaya ananitukana vizuri sana.” Nikamuuliza kama wewe unajua. Akasema, “Kaka yako huwa anakaa kwenye kiti akisoma gazeti.”

Kwa hiyo nakuuliza mimi. Kifungu chako cha saba kitamfanya nini Dorkas? Na Dorkas akifungwa mdomo, Mama atazungumza na nani?

Halafu hilo la mwandishi. Baba alikuwa mtu wa Zeeland, sawa. Na Mama, umewaambia alitoka wapi?

Dada yako,
Hermine

Westerkoog, 9 Mei 2010

Dada Hermine,

Samahani kwa kukawia. Tumeshinda, viti sita, na mazungumzo ya kuunda uongozi wa manispaa yameninyima usingizi. Sasa mimi ndiye mjumbe wa halmashauri mwenye dhamana ya wazee. Siku ya Malkia nilisimama jukwaani nimevaa mkufu wa manispaa, mvua ikanyesha na hakuna aliyeondoka. Anneke ameacha fimbo. Jeroen hakuja. Ana rafiki wa kike huko Utrecht ambaye hapendi siasa, au hapendi zangu.

Kifungu cha saba kitaanza kutumika mwezi wa sita. Umeniuliza kuhusu Dorkas. Nitakujibu kama ninavyomjibu kila mtu: kanuni ni moja kwa wote. Nikimwacha mhudumu mmoja aendelee, tena katika chumba cha mama yangu mzazi, magazeti yatanitafuna hadi mifupa. Watauliza kwa nini, na swali hilo sina haja nalo. Dorkas ni mfanyakazi hodari na Kiholanzi anakijua kuliko wewe uliyekiacha bandarini. Atazungumza na Mama kwa Kiholanzi, basi. Wataalamu wanasema lugha inarudi mtu akizoezwa.

Kuhusu Mama: hakuna aliyewahi kuniuliza wazi. Mwenyekiti wetu aliiona picha yake ya harusi na kutaja zile nywele nyeusi. Nikamwambia kwamba pwani ya Zeeland kuna damu ya Wahispania tangu vita vya zamani. Ni maelezo yanayotolewa na nusu ya watu wa huku, na hakuna anayeumia. Mama mwenyewe alikuwa akiyasema sokoni.

Wewe uko mbali, Hermine. Uliamua kuhama, ukawa mgeni kwenye nchi ya watu kwa hiari yako, na sikukulaumu. Lakini usinifundishe namna ya kuishi katika nchi uliyoikimbia.

Mdogo wako,
Govert

Chilliwack, 23 Mei 2010

Govert,

Sisi wazima. Bert anakupongeza kwa mkufu. Mimi nakupongeza kwa Wahispania.

Mama aliyasema hayo sokoni kwa sababu mwenye duka la nyama alikuwa akimhudumia wa mwisho kila Jumamosi. Wewe unayasema ili uketi kiti cha mbele. Si kitu kimoja.

Nakuandikia jambo ambalo huenda umejitia hamnazo, basi nikukumbushe. Tuliposhuka kwenye ile meli mwaka hamsini na mbili, serikali ilitupa chumba kimoja kwenye nyumba ya wageni yenye harufu ya kabichi. Jioni ya kwanza Baba alipiga meza akasema, “Kuanzia leo hapa ni Kiholanzi. Nikisikia lile jingine, sabuni.” Na haikuwa maneno matupu. Mama alitiwa sabuni mdomoni mbele yangu, mtu mzima, kwa sababu aliniambia nifunge mlango na ulimi ukateleza. Alitema povu kwenye ndoo, akapangusa midomo, akaenda kumenya viazi. Miaka hamsini na kitu hakurudia. Leo akili imemtoka na woga umetoka nao, na kitu pekee kilichobaki mle kichwani ni kile alichokatazwa. Halafu mwanawe, aliyemzaa mwenyewe, anarudi na sabuni ileile ila safari hii ina mhuri wa manispaa.

Nimezungumza na daktari wake. Kwa nini wewe hukunieleza alichokuambia? Amesema lugha hairudi. Mtu wa hali ile hazoezwi kitu. Bila mtu anayemwelewa atakuwa kama kiziwi na bubu kwa pamoja. Hataweza kusema anaumwa wapi. Hataweza kusema anataka nini. Mama ni mzee wa miaka themanini na nane ambaye hawezi kuinua kikombe mwenyewe, Govert. Kuomba ndicho kitu pekee alichobaki nacho.

Sijawahi kukuomba chochote, hata ulipochukua nyumba ya Baba na saa yake na kaburi la pembeni yake. Nakuomba hiki. Mwache Dorkas. Mwandike kama mfagiaji, mwandike kama mtunza maua, mwite unavyotaka. Chama chako hakitajua. Ukitaka nitapiga magoti, ingawa goti la kushoto ni la chuma na sitaweza kuinuka.

Dada yako,
Hermine

Westerkoog, 5 Julai 2010

Dada,

Nakuandikia kwa haraka. Joto limetushika kooni, lami inanata kwenye viatu. Mji wote umevaa rangi ya chungwa. Ijumaa tumewatoa Wabrazili kwenye robo fainali na watu waliruka mferejini na nguo zao. Hata nyumba ya wazee imepambwa bendera hadi kwenye vigari vya kusukuma, na wamewekewa televisheni kubwa ukumbini. Anneke anakusalimu.

Barua yako ya Mei niliipata. Sikujibu kwa sababu hukuandika ili ujibiwe.

Dorkas alihamishiwa chumba cha kufulia. Alikaa wiki moja, akaacha kazi kwa hiari yake. Mkurugenzi alikuwa amemwonya mara mbili, lakini alikutwa tena ameinama sikioni kwa Mama. Sasa anayemhudumia Mama ni Marloes, msichana mzuri, wa ukoo unaojulikana, na ana subira.

Jana nilifika na mwenyekiti wa chama na mwandishi wa gazeti la mkoa aliyetaka kuona utaratibu mpya ukifanya kazi. Nataka nikusimulie, maana unadhani sina moyo. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Akamshika Marloes mkono, akamtazama, akasema, “Huis.” Nyumbani. Kiholanzi safi, Hermine, baada ya miezi yote hiyo. Marloes akapiga magoti akamwambia, “Uko nyumbani, bibi. Hapa ndipo nyumbani kwako.” Mama akalirudia, akilivuta kama mtoto, ha-us, ha-us, na machozi yakamtoka. Mwandishi aligeuka ukutani. Mwenyekiti alinishika bega akasema, “Govert, lile neno lina ilani nzima ndani yake.”

Marloes anasema siku hizi halina mapumziko, asubuhi hadi jioni ni hilo tu. Kwa hiyo unaona, lugha inarudi.

Govert

Chilliwack, 13 Julai 2010

Govert,

Hakuna salamu. Barua yako imefika saa hii.

Hasemi huis. Anasema haus. Ni Kimalei. Maana yake kiu. Mama ana kiu. Anaomba maji tangu asubuhi hadi jioni na mnamjibu kwamba yuko nyumbani.

Nimekupigia, simu yako inaita hadi inakatika. Nimepiga nyumba ya wazee. Nimeomba kusema na Marloes, wakanipa mtu mwingine, akaniambia kwa sauti tamu, “Mawasiliano ya familia yanapitia kwa kaka yako, mama. Ndivyo alivyoelekeza.” Nikamwambia mpelekeeni maji. Akasema, “Kila mkazi anawekewa kikombe mezani.” Nikamwambia hawezi kukiinua. Akasema atalifikisha. Nimesikia kelele za watu na tarumbeta nyuma yake, nadhani ni ile mechi bado wanairudia kwenye televisheni. Nimempigia Dorkas. Ameacha chakula mezani, ameendesha baiskeli kwenye joto hilo hadi mlangoni, wamemwambia yeye si mfanyakazi tena na saa ya wageni imepita. Amenipigia akiwa nje kwenye maegesho. Anasema dirisha la Mama limefungwa.

Naituma kwa njia ya haraka kuliko zote waliyonayo posta. Ukiisoma usimalize, inuka uende. Kikombe umshikie wewe mwenyewe, kichwa umwinamishe mbele kidogo asipaliwe.

H.

Westerkoog, 1 Agosti 2010

Dada Hermine,

Anneke na Jeroen wanakupa pole, nami pia. Kama ulivyoelezwa kwenye simu na Anneke, Mama alituacha usiku wa tarehe kumi na nne, usingizini. Barua yako ilifika siku mbili baadaye. Daktari ameandika moyo, uzee na joto. Wazee wanne walikwenda wiki ile hapa mjini, joto halikuchagua.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Halmashauri yote ilihudhuria, na mchungaji alihubiri kwa ufupi. Tumemlaza pembeni ya Baba. Baada ya ibada palikuwa na kahawa na keki, ya kutosha. Dorkas alikuja amevaa nguo nyeupe, akaimba kitu chake kaburini bila kuombwa. Nilimwacha amalize.

Lazima usikie hili kutoka kwangu kabla hujaliona kwingine. Makala ya gazeti ilisomwa sana. Watu wananisimamisha barabarani. Uongozi wa chama umeomba neno la mwisho la Mama liwe neno letu kwa uchaguzi wa mkoa mwakani, peke yake, herufi kubwa nyeupe, na mkono wa mzee umelala juu ya shuka. Nimekubali. Siyo uso wake, ni mkono tu, tena wa mwanamke wa kulipwa. Najua ulichoandika kwenye barua yako ya mwisho. Uliandika ukiwa na hasira, umbali wa nusu ya dunia, juu ya neno ambalo hukulisikia. Mimi nilikuwepo. Waliokuwepo wote walisikia huis.

Vitu vyake ni vichache. Nitakutumia ile picha ya Semarang, nimeiokota kabatini.

Nduguyo,
Govert

Chilliwack, 16 Agosti 2010

Govert,

Bert anakupa rambirambi. Anazisema kwa shida, mdomo umekwenda upande, lakini anazisema kwa moyo, na nimeahidi kuziandika.

Picha imefika. Nimeitundika jikoni.

Nimeisoma barua yako ya Julai mara nyingi kiasi kwamba imechanika kwenye mikunjo. Kuna kitu nilikipita mwanzoni kwa ajili ya haraka. Uliandika kwamba Mama alilivuta lile neno, na ukaliandika ulivyolisikia: ha-us. Ulilikata katikati. Huis hutamkwa kwa pigo moja, karibu na haus, na hakuna Mholanzi anayeweza kulikata vipande viwili, hata akilewa, hata akilia. Mwandishi wa gazeti hakulikata. Mwenyekiti wako hakulikata. Wewe ulilisikia kama linavyosemwa, mkono wako ukaliandika kama linavyosemwa.

Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa unasimama mlangoni mwa jikoni kwenye ile nyumba ya wageni, kaptura imekushuka, unasema haus, haus, na Mama anakukimbilia na kikombe cha bati huku anakuziba mdomo kwa kiganja, Baba asije akasikia. Siku zote umekuwa ukisema hukumbuki hata neno moja la Kimalei. Nilikuamini kwa sababu ulikuwa mdogo, na kwa sababu ilinifaa kukuamini.

Sina haja tena ya kujua mabango yatakuwa na rangi gani. Sitaandika gazetini, usitetemeke. Mama alikaa kimya maisha yake yote ili wewe uwe Mholanzi, sitakuja kuharibu kazi yake sasa. Hongera, umetoka Mholanzi safi. Wahispania wako waliwafunga fainali, nao pia niwape salamu.

Nina swali moja tu, na ukishalijibu sitakuandikia tena. Ulipokuwa umesimama pale na mwenyekiti na kalamu ya mwandishi, ulijua?

Hermine

Westerkoog, 5 Septemba 2010

Dada Hermine,

Mshukuru Bert kwa rambirambi zake, ambazo katika barua yako zilikuwa mstari pekee wa kiungwana. Huku joto limekwisha na shule zimefunguliwa. Jeroen ametuma kadi fupi, hakuandika anwani mpya. Anneke analala chumba cha juu kwa sababu ya mguu.

Umeuliza, nami sitalikimbia swali lako. Nilijua. Nilijua kabla hajaufunga mdomo.

Ulitaka niseme nini pale? Kwamba samahani waheshimiwa, mama yangu hataki nyumbani, anataka maji, na hicho ni Kimalei? Swali la kwanza lingekuwa nimekijulia wapi. La pili lingekuwa yeye alitoka wapi. La tatu lingekuwa kifungu cha saba. Watu elfu tano walinipigia kura kwa sababu mimi ni mtu wa hapa, Hermine. Wewe hujawahi kuwa mtu wa mahali popote, kwa hiyo hujui kitu hicho kinashikiliwa kwa uzi mwembamba namna gani. Ungekuwa na sura yangu ungefanya vilevile. Una sura ya Mama, ukakimbilia Kanada.

Na usinifanye mnyama. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa kahawa ukumbini nilibaki nyuma. Nilifunga mlango, nikamjazia glasi bombani, nikamshika kichwa kama ulivyoeleza, hukuwa na haja ya kunifundisha. Alikunywa mbili bila kupumua. Akanipapasa shavu, akaniita jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa. Ndivyo nilivyofanya kila nilipokwenda tangu Dorkas aondoke. Hakuna siku niliyoingia chumbani mle nikatoka yeye akiwa bado na kiu.

Nilikwenda kila Jumapili, isipokuwa ile ya tarehe kumi na moja, siku ya fainali.

Ndugu yako,
Govert Kessing